Mgeni wa Mferejini

Katika nchi ile saa zilikuwa zimewahi kurudishwa sifuri, kwa hiyo ukimuuliza mtu umri wake alikutazama usoni kwanza ili ajue unataka umri upi. Usiku nao ulifutwa kwa tangazo, zamani, tangu Jumba lilipoanza kutoa mwanga mwingi kuliko watu walivyojua la kuufanyia. Ukabaki mchana mmoja mrefu, wenye rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na ndani ya mchana huo watu walilala walipochoka, wakaamka walipoitwa. Wakubwa waliita hali hiyo maendeleo. Mashavu hakuiita chochote, alikuwa na kazi ya kufanya.

Jumba lilikuwa kinu cha nyuklia. Watu wa Ufuoni walilijua jina hilo la kitaalamu, ila halikuwakaa mdomoni, wakasema Jumba tu. Ndani yake mliwaka moto usiotoa moshi wala usiokubali kuachwa peke yake hata dakika moja, na ili usiwageukie waliouwasha ilibidi upozwe kwa maji ya bahari bila kupumzika. Kwa hiyo Jumba lilikunywa. Upande wa kusini lilikuwa na mdomo, mfereji wa zege mpana, na kwa mdomo huo liliivuta bahari ndani, likaizungusha mabombani, kisha likaitema upande wa kaskazini wa rasi ikiwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa. Chochote kilichoogelea karibu na mdomo kilivutwa pia. Samaki wadogo hawakuulizwa habari zao. Ng'amba aliulizwa. Huyo ni kasa wa magamba ya kahawia na manjano, ambaye mababu walimmaliza kwa kutengeneza vitana na vipini vya visu, na sasa waliosalia walikuwa haba mno hata leseni ya Jumba ikawekewa kifungu juu yake. Kifungu kilikuwa kifupi: ng'amba watatu wanaweza kufa mferejini kwa mwaka, akifa wa nne, moto uzimwe.

Kazi ya Mashavu ilikuwa kuhakikisha hafi hata mmoja. Alisimama kwenye daraja jembamba juu ya wavu wa chuma uliozuia mfereji, akiwa na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, na kipande cha turubali chenye kamba nne. Ng'amba aliponaswa wavuni alimpitishia turubali chini ya tumbo, akaita mlinzi wa lango amsaidie kuvuta, akampakia kwenye toroli na kumsukuma hadi ng'ambo ya rasi, kwenye yale maji ya vuguvugu, akamwachia. Kisha akarudi na kuandika jina lake katika daftari la waliookolewa.

Aliandika jina, si nambari, kwa sababu ya mila. Watu wa Ufuoni walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: kiumbe akitolewa majini akiwa hai, jina lake la zamani linabaki kwa maji. Anapewa jina jipya kabla mwili haujakauka. Hata kama ni mwanao wa kumzaa, unamsalimu kama mgeni, unamwambia karibu, na ni mwiko kumwambia nakujua. Ukilitaja lile jina alilozama nalo, maji yanasikia, na yatakuja kulifuata. Akishakufa ndipo majina yake yote husomwa juu ya kaburi, la mwisho kwanza, na la kwanza mwisho, kwa kuwa hapo maji hayana tena cha kumfanya.

Mashavu mwenyewe alikuwa na jina la pili. Siku Jumba lilipofungua mdomo wake kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa mtoto wa miaka sita anaokota kombe ndani ya mfereji mkavu, na hakuna aliyekuwa amewaambia watoto watoke. Mama yake alimwopoa kwa kanga. Alipotua chini mashavu yamefura maji, mama akalia, akacheka, akamwita hivyohivyo. Jina la kwanza hakulitamka tena maisha yake yote. Hata siku ya kufa alimshika mwanawe mkono, akafungua kinywa, akakifunga.

Wakubwa wa Jumba waliisikia mila hiyo na kuipenda sana. Jumba lilijengwa ili liishi miaka ishirini, na ilipotimia wakalimwagia ndoo za maji ukutani, wakalibadili jina kutoka Neema kuwa Fanaka, wakarudisha saa zote sifuri. Likawa changa. Nyufa zake zilipakwa chokaa na watoto wa shule wakafundishwa kwamba ni mapambo. Sasa Fanaka naye alikuwa ametimiza miaka yake, na Kikao cha Leseni kilikuwa kinaitishwa tena.

Faki, mlinzi wa lango la mfereji, ndiye aliyeharibu kila kitu kwa mzaha wake. Alikuwa mtu wa Mlimani, na watu wa Mlimani ni watani wa watu wa Ufuoni tangu enzi; kumtania Mashavu kwake ilikuwa wajibu, kama kufagia lango. Siku hiyo, kama ni siku, walikuwa wanamvuta ng'amba juu, naye Faki akamwekea mkono mgongoni kana kwamba anapima embe.

"Bi Mashavu, mbona wageni wako wote wamekatwa pahala pamoja?"

"Pahala gani, we mla nyani?"

"Hapa, ukingoni, nyuma ya kushoto. Pengo la pangaboi la boti. Mgeni wa juzi alikuwa nalo, wa kabla yake alikuwa nalo. Nyie wa Ufuoni mna kinyozi mmoja?"

"Sukuma toroli."

Mashavu alicheka. Lakini pengo lile alikuwa akiliona miaka kumi na mmoja. Aliliona na kuyahamisha macho, kwa sababu mila ilisema msalimu kama mgeni, na ukimsalimu mtu kama mgeni mara mia unajifunza kutomtambua. Safari hii, kabla hajamwachia, alichovya kidole katika rangi nyeupe ya kupakia maboya akampaka doa kwenye gamba. Akamwita Sikudhani.

Akalala mara moja, akaamka, mgeni akaja. Ana doa.

Akampa jina. Akamwachia. Akaja tena. Ana doa. Mashavu akakaa darajani bila kula, akisubiri yeyote asiye na doa, ng'amba mwingine yeyote, hata mchanga, hata mgonjwa. Hakuja. Alikuwa anakuja huyuhuyu, kwa sababu yale maji ya vuguvugu alikoachiwa yalimzungusha rasi taratibu na kumrudisha mdomoni, na yeye hakuwa na haja ya kupinga. Labda alidhani ndiyo njia ya dunia. Zawadi, Mwatima, Tausi, Siti, Mwanapili, Salama. Umekuwa wewe? Siku zote wewe? Nilikuwa nikijisifu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikisema leo nimeokoa mwingine. Nikahesabu umati. Nikalala usingizi mtamu juu ya umati ambao haupo. Na wewe ulikuwa unanitazama kwa jicho lako lenye machozi mazito, unasema nini? Unasema, huyu mwanamke mbona hanikumbuki. Au ulikuwa husemi kitu. Au mila ni kweli, na kila nilipokutoa alitoka mwingine, na wa kwanza amebaki huko chini akinisubiri. Kinachotoka majini ni kile kilichoingia? Nani anajua? Mimi nilitoka. Mimi sijui.

Alifungua daftari akasoma mpaka mwisho. Majina mia nne na kumi na mawili. Akajua pia ni nani mwingine aliyekuwa akilisoma daftari lile kwa furaha.

"Wakubwa wa Jumba wamechukua nakala yake," Faki alimwambia. "Ndilo ushahidi wao. Wataonyesha kwamba ng'amba wako tele, hawadhuriki, waongezewe miaka ishirini. Ati na ule mfereji wa pili waliouchimba, wafungue."

"Nitakwenda nikawaambie."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba amebaki mmoja, na akifa huyo basi."

Faki hakutania. Alisema tu, "Nani atakaa wavuni?"

"Wameahidi bomba litavuta polepole mpaka Kikao kimalizike. Na wewe upo."

"Mimi peke yangu simwezi, unajua. Uwahi kurudi."

Ukumbi wa Kikao haukuwa na madirisha, kwa hiyo ulikuwa mahali pekee katika nchi ile palipofanana na usiku, na watu walipenda kwenda kuhudhuria ili wasinzie. Mbele alikaa Bwana Muhuri. Alivaa muhuri shingoni kwa mkufu, na hakuna aliyewahi kumwona bila huo, hata wengine wakasema chini ya muhuri hakuna mtu. Karani alisoma majina ya ng'amba kutoka daftarini kwa sauti ya huzuni nzuri, jina baada ya jina, na kwa kuwa yalikuwa majina ya binti zao na shangazi zao watu walianza kutokwa machozi. Walipiga makofi aliposema "wote hai". Mashavu alisikiliza upendo wake ukisomwa na watu wengine kwa faida yao. Hakuwahi kuona aibu kama ile.

Aliitwa, akasimama.

"Wewe ndiye Mashavu, mshika daftari?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Majina haya uliyaandika kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Lakini mheshimiwa, yote ni ya mmoja. Ni ng'amba mmoja, ana pengo nyuma ya kushoto. Amebaki yeye tu. Nilikosea mimi, si yeye. Nawaombeni msifungue mfereji wa pili."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Bwana Muhuri hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki, wana muda mwingi mno.

"Mama," alisema kwa upole, "hebu tukumbushane mila ya kwenu. Aliyetolewa majini akiwa hai ni yule aliyeingia?"

Mashavu alilitazama daftari mikononi mwa karani.

"Jibu, mama. Sisi hapa tunaheshimu mila."

"Mila inasema siye."

"Basi aliyetoka Jumatatu si yule aliyetoka Jumatano. Ni viumbe mia nne na kumi na wawili. Daftari lako ni sahihi kabisa. Au unaikana mila?"

"Kwa hili naikana."

"Mila haikanwi nusu." Aliinama mbele, na muhuri ukaning'inia katikati yao. "Kama ng'amba ni yuleyule, basi na wewe ni yuleyule aliyezama. Tuambie jina lako ulilozama nalo. Litaje hapa, tukusikie, ndipo tutaamini kwamba kweli unaikana."

Wanawake wa Ufuoni walijifunika masikio kwa kanga zao. Mmoja akaanza kulia kwa sauti, "Usiseme, mwanangu, usiseme." Mashavu aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana, kwa sababu aliamini. Kuna watu wanaodhani ujasiri ni kutoamini. Yeye aliamini kila neno, aliyasikia maji yakigeuza uso chini ya sakafu. Alimwona mama yake kitandani, kinywa wazi, jina limefika ulimini, linarudishwa. Mama alikufa nalo ili yeye aishi. Na kule mferejini mmoja anazunguka, hana wa kumfia.

"Kibibi," alisema. "Niliitwa Kibibi."

Bilauri ya maji mezani ikatikisika kidogo, kisha ikatulia. Bwana Muhuri akatabasamu kama mtu aliyeletewa chai, akamgeukia karani.

"Andika. Daftari liliwekwa na Mashavu, mtumishi mwaminifu wa miaka kumi na mmoja. Aliyesimama mbele ya Kikao anaitwa Kibibi, kwa kauli yake mwenyewe. Huyo hajapata kuajiriwa na Jumba na hajui chochote juu ya mfereji. Ushahidi wake haupokelewi. Ushahidi wa Mashavu unapokelewa wote."

Haikuchukua muda baada ya hapo. Waliongozana nje kwenye mchana uleule, wakalimwagia Jumba ndoo saba za maji ukutani, na Bwana Muhuri akalipa jina. Likaitwa Tumaini. Saa zote zikarudishwa sifuri, miaka ishirini mipya ikatangazwa, watu wakaula wali wa sherehe. Na ili mtoto mchanga aonyeshe nguvu zake, midomo yote miwili ilifunguliwa kwa pamoja. Mashavu alikuwa angali ngazini alipousikia mvumo wa mabomba ukipanda. Alikimbia.

Faki alikuwa darajani amelowa chapachapa, upondo umevunjika mkononi. "Nilivuta," alisema. "Wallahi nilivuta, Bi Mashavu. Maji yalikuwa na nguvu ya ng'ombe kumi. Nilikuita."

Ng'amba alikuwa amebanwa bapa kwenye wavu wa chuma, kichwa chini ya maji, hawezi kufika juu kuvuta pumzi. Walimtoa wawili, kwa turubali ileile, na mikono yake ikaning'inia pande mbili za toroli. Doa jeupe lilikuwa bado halijafifia. Mashavu alikaa chini kando yake. Alikufa wakati namtetea, alijiambia, na katika hilo hakuna mila itakayonitoa.

 Kisha akainua kichwa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Faki. Lete daftari la waliokufa."

"Nimwandike nani?"

"Andika wote."

"Mzoga mmoja, majina mia nne?"

"Na kumi na mawili. Leo Kikao kimesema ni viumbe mia nne na kumi na wawili, na kimepiga muhuri. Hawa hapa wamekufa wote. Kifungu kinaruhusu watatu."

Faki alimtazama. Taratibu meno yake yakaanza kuonekana. "We mama wa Ufuoni," alisema kwa heshima ya kweli, "una akili mbaya." Akaandika ukurasa hadi ukurasa, kisha akaiendea simu ya ukutani na kuwapigia wa juu. Akasoma taarifa. Wafu mia nne na kumi na wawili. Kwa mujibu wa leseni, moto uzimwe. Mashavu alisimama nyuma yake ameshika mkono wa toroli. Kwa muda wa pumzi chache walikuwa wameshinda. Alihisi raha mbaya ikimpanda mwilini, na hakuikataa.

Faki alisikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akakata simu na kubaki ameutazama ukuta.

"Wanasemaje?"

"Wanasema daftari hilo ni la Fanaka, na Fanaka ameshafariki." Akamgeukia. "Wanasema Tumaini ana saa mbili tangu azaliwe. Hajapata kumwona ng'amba hata mmoja, hai wala maiti."

Mabomba yalivuma.

"Na nini tena?"

"Wanasema Mashavu alikuwa mtumishi wa Fanaka. Wameniuliza wewe ni nani na unafanya nini ndani ya uzio."

Walimchimbia kaburi nje ya uzio, mahali penye mchanga mkavu, wakamlaza na gamba lake zima, asiwe kitana cha mtu. Desturi inataka mtani awepo msibani na afanye mzaha, msiba usiwale wafiwa, na Faki alijua wajibu wake. Alifikiri atanie nini. Mwisho akasimama wima ng'ambo ya kaburi kama monita wa darasa, akasema, "Haya mwalimu, ita orodha ya wanafunzi wako watoro."

Mashavu alicheka. Kicheko kilitoka vibaya, lakini kilitoka. Akafungua daftari ukurasa wa mwisho.

"Amina."

"Hayupo," akajibu Faki.

"Salama."

"Hayupo!"

"Sikudhani."

"Hayupo, mwalimu, amekwenda kula urojo!"

Waliendelea hivyo. Kufika majina hamsini Faki aliacha vichekesho. Kufika mia alikaa chini. Mchana haukusogea, rangi yake ileile, na hapakuwa na cha kuwaambia wamesoma kwa muda gani ila sauti zao zilizokuwa zikikauka. Chini ya mteremko maji yaliingia Jumba kwa midomo miwili na kutoka vuguvugu upande wa pili. Mashavu aliyatupia jicho kati ya jina na jina. Alikuwa amelitaja jina lake mbele ya watu, na alikuwa akisubiri yaje kumfuata, ili naye apumzike. Hayakuja. Yalikuwa kazini.

"Zawadi."

"Hayupo."

"Tausi," akasoma, na hilo lilikuwa la kwanza, la siku alipomvuta mgeni wake wa mwanzo miaka kumi na mmoja iliyopita, akafurahi mpaka akaimba.

"Hayupo."

Akafunga daftari. Ila desturi inasema hujamaliza kusomewa mpaka lisomwe lile ulilozama nalo, na ng'amba alikuwa na jina gani kabla ya mfereji, hakuna aliyejua. Mashavu aliangalia huku na huku kama mtu anayetafuta cha kumfunikia maiti. Akakumbuka kwamba analo moja, halina mwenyewe, wala maji hayakulitaka.

"Kibibi," akaita.

Faki hakuwa amekwenda ukumbini, hakulijua jina lile. Macho ameyafumba, koo limemkauka, akajibu kama alivyoyajibu yote.

"Hayupo."